Nilimpa namba ya simu tu



Wazee wa kanisa waliniomba niandike juu ya matapeli wa makaratasi. Nilikubali, kisha nikakaa wiki mbili bila kuandika neno. Siwezi kuandika juu ya watu hao kama mtu aliyesimama mbali. Kuna mama mmoja wa kwetu aliyepoteza randi 3,500 pamoja na karatasi yake, na njia iliyompeleka kwa tapeli ilipita mdomoni mwangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina lake.

Ilikuwa baada ya ibada, watu wakiwa bado wanakunywa chai. Karatasi yake ya kuomba hifadhi, ile ya kifungu cha 22, ilikuwa imekwisha muda kwa miezi minne. Mume wake analinda magari South Beach, yeye anasuka nywele. Tarehe yake ilipofika alikuwa na mtoto mgonjwa, siku zikapita, kisha hofu ikamfunga. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba anayechelewa faili lake hufungwa na yeye hurudishwa kwao. Akaniuliza, "Mzee, unamjua mtu wa kunisaidia?"

Nilimjua mmoja. Kijana wa kwetu, mwenye Kiswahili kizuri cha Kivu, alikuwa akikaa kwenye duka la intaneti upande wa Point. Watu wawili watatu walikuwa wameniambia kwamba anafanya haraka. Walikuwa wameniambia pia kwamba ana "mtu ndani". Nikatoa simu, nikamsomea mama namba. Nikaongeza, "Mwambie ni mimi niliyekutuma."

Yule kijana aliomba naye kabla ya kupokea pesa. Nusu ya kwanza mama aliitoa kwenye zamu yake ya likelemba, nusu ya pili aliikopa. Baada ya wiki mbili akapata karatasi yenye tarehe mpya na muhuri. Jumapili iliyofuata aliniletea maandazi ya shukrani, nikayala.

Miezi mitano baadaye benki ilizuia akaunti yake. Alipokwenda ofisi ya wakimbizi, Che Guevara Road, afisa aliandika namba ya faili kwenye kompyuta na likatokea jina la mtu mwingine, tena mwanaume. Karatasi ikachukuliwa. Wangeweza kumkamata, siku hiyo hawakumkamata. Alirudi mjini kwa miguu kwa sababu mikono ilikuwa ikimtetemeka, hakuweza hata kuhesabu nauli ya teksi.

Simu ya kijana haikupatikana tena. Mama akaja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, ni wewe uliyenipa namba." Nami nikamjibu, "Mama, mimi nilikupa namba ya simu tu."

Jibu hilo ndilo ninalotaka tulipime pamoja leo. Je, ni kweli? Mtu asiyeuza karatasi, asiyepokea hata senti moja, aliyetaja jina tu kwa nia njema, anabeba kitu gani mbinguni na duniani?

Nianze na upande wa kujitetea, maana niliushikilia kwa muda mrefu. Sikumlazimisha mama. Ni mtu mzima, angeweza kuuliza. Sikujua kwamba karatasi itakuwa ya uongo. Kama kila anayetaja jina la fundi au daktari atabeba makosa ya fundi na daktari, nani atathubutu kumsaidia jirani? Haya yote yana ukweli ndani yake. Tukiacha kuelekezana, sisi wageni tutakufa njaa katika mji huu. Kazi zetu, nyumba zetu, shule za watoto wetu, karibu vyote tulivipata kwa sababu mtu alisema, "Nenda kwa fulani."

Lakini hapo hapo ndipo utetezi wangu unapovunjika. Kule nyumbani, Uvira au Bujumbura au Kigoma, ukitajiwa mtu una njia nyingine za kumjua. Unamjua baba yake. Unajua alikooa, na kama deni la mwaka jana alililipa. Akikutapeli, kuna mlango wa kwenda kugonga. Hapa Durban hatuna hayo. Tunajua lugha anayosema na wimbo anaouimba, basi. Kwa hiyo neno la mzee wa kanisa, ambalo nyumbani lingekuwa ushahidi mmoja kati ya kumi, hapa linakuwa ushahidi wote. Nilipomwambia mama, "Mwambie ni mimi niliyekutuma," sikumpa namba tu. Nilimkopesha yule kijana jina langu, akalitumia kununua imani ya mama. Hata sala yake kabla ya kupokea pesa ilipata nguvu kwa sababu yangu.

Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi tunausema msemo huo kwa kumlenga mwizi. Siku hizi mimi nausikia kwa namna nyingine: nguo ilikuwa yangu, na ni mimi niliyemfunika nayo.

Tena kuna jambo baya zaidi ninalopaswa kukiri. Nilisema sikujua. Nilijua nusu. Lile neno "mtu ndani" lilikuwa limeingia masikioni mwangu, na nililielewa. Fomu ya kuomba hifadhi, mahojiano, kuongeza muda wa karatasi: vyote hivyo katika nchi hii havilipiwi. Njia ya kuongeza muda kwa mtandao iliyoanza mwaka 2021 nayo haina malipo. Kwa hiyo mtu akisema pesa hii ni ya mtu wa ndani, kuna mambo mawili tu. Ama ni rushwa, na sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 juu ya rushwa inamhesabu mtoaji kuwa na hatia pamoja na mpokeaji. Ama huyo mtu wa ndani hayupo kabisa, na pesa inaishia mfukoni mwa anayezungumza. Hakuna jambo la tatu. Mama hakuwa anajua hayo, mimi nilikuwa nayajua. Ndiyo maana siwezi kuweka hatia yake na yangu kwenye mizani moja.

Naomba tulitazame hili kwa makini, kwa sababu tuna tabia ya kuwahukumu waliotapeliwa. Yupo anayedanganywa kabisa, anayeamini kwamba karatasi ni halali na kwamba pesa ni ada ya serikali. Huyo hana dhambi ya kutubu. Ana hasara ya kuliliwa. Yupo anayejua kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini anafunga jicho moja kwa sababu ya hofu. Huyo amekosa, na kosa lake lina mama yake, ambaye ni hofu. Na yupo anayejua kila kitu, anayetafuta karatasi ya mtu mwingine ili awe mtu mwingine. Sisi tukisikia habari tunawaweka wote kapu moja na kusema, "Alitaka njia ya mkato." Maneno hayo ndiyo yanayowafanya watu wafiche. Na mtu akificha, tapeli anapata mteja mwingine Jumapili inayofuata.

Najua wengine mnaosoma mna jibu kali kwangu. Mtasema: Mzee, unatuhubiria mlango wa mbele, wakati mlango wa mbele wenyewe umefungwa. Foleni tunazijua. Barua pepe zisizojibiwa tunazijua. Na rushwa ya ofisini hatukuizusha sisi. Ni kweli. Mwaka 2015 shirika la Lawyers for Human Rights pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walitoa ripoti baada ya kuwauliza mamia ya waomba hifadhi, na karibu mtu mmoja kati ya watatu alisema amekutana na rushwa mahali fulani katika safari ya makaratasi. Siwezi kumwambia mtu aliyelala nje ya ofisi kwamba mlango uko wazi.

Ninachoweza kusema ni hiki. Mlango wa mbele ukiwa mbovu, mlango wa dalali haugeuki kuwa mzuri. Yeye anaishi kwa foleni ile ile. Foleni ikiisha leo, biashara yake imekufa, kwa hiyo hatatamani kamwe iishe. Na anachouza si kitu unachokidhania. Unadhani umenunua muda. Mara nyingi umenunua namba ya mtu mwingine, na namba hiyo inakungoja benki, shuleni, hospitali, barabarani. Mwaka 2022 huko Krugersdorp watu walikamatwa kwa shughuli ya pasipoti ambamo picha ya mgeni iliwekwa juu ya jina na alama za vidole za raia. Fikiria maisha ya aliyeinunua. Anaishi kila siku ndani ya jina ambalo mwenyewe yupo, yu hai, na anaweza kusimama kaunta ya jirani. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake kinaning'inia kwenye jina hilo. Karatasi ya uongo ni deni ambalo mara nyingi huja kulipwa na mtoto.

Kilichoniumiza zaidi ni kujua kwamba hofu iliyompeleka mama kule haikuwa na msingi alioambiwa. Ni kweli sheria ya wakimbizi ilirekebishwa, na kuanzia tarehe 1 Januari 2020 ilisema kwamba asiyeongeza muda wa karatasi yake ndani ya mwezi mmoja anahesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Lakini tarehe 12 Desemba 2023 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyoletwa na Scalabrini Centre ya Cape Town, ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha katiba. Siku mama aliponijia na chai mkononi, hukumu hiyo ilikuwa imekwisha kutoka. Haina maana kwamba kuchelewa si kitu. Bado mtu ataulizwa sababu, na ni vizuri aende akiwa na ushauri. Lakini yale majirani waliyomwambia, kwamba ukichelewa basi umekwisha, hayakuwa kweli tena. Randi 3,500 zililipwa ili kuikimbia sheria iliyokwisha kuvunjwa. Mwanasheria wa bure angemwambia hivyo kwa dakika kumi.

Sasa kuna swali gumu la pili. Je, tumseme ndugu yetu? Yule kijana ni wa kwetu. Watanzania wangemwita kishoka, sisi tunasema komisioneri, lakini ni mtoto wa kwetu. Wapo kati yetu wanaokumbuka Aprili 2015, tulipofukuzwa kwenye nyumba zetu katika mji huu na kulala kwenye mahema ya Isipingo na Chatsworth. Tunaogopa kuwapa watu neno la kutusema: mnaona, hawa wageni ni wezi wa makaratasi. Kwa hiyo tunanyamaza, na kunyamaza tunakuita upendo.

Nimelifikiria sana. Naamini ukimya wetu haujawahi kumlinda mgeni hata mmoja. Unamlinda mtu mmoja tu, na kila mara anayelipia ulinzi huo ni mnyonge kuliko yeye: mjane, kijana aliyefika mwezi jana, mama asiyejua Kiingereza. Upendo unaomwacha mwenye nguvu amle mnyonge ili jina la jumuiya libaki safi, hilo jina halijabaki safi. Limepakwa rangi.

Lakini kumseme mtu bila ushahidi nako ni dhambi, tena nyepesi kuifanya siku hizi. Nimeona picha ya mtu ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na neno TAPELI, na baadaye ikajulikana kwamba ugomvi ulikuwa wa kodi ya nyumba. Kwa hiyo sitamtaja yule kijana hapa, na nawaomba msimtafute. Ushahidi una mahali pake. Mama alikuwa amehifadhi ujumbe wa simu na karatasi ya benki ya pesa alizotuma. Tulivipeleka kwa mwanasheria, naye ndiye aliyetuongoza juu ya kutoa taarifa. Anayetaka kutoa taarifa ya rushwa anaweza pia kupiga 0800 701 701, namba ya taifa ya kupokea habari hizo.

Basi tumwamini nani? Sisemi tusimwamini mtu. Nasema imani ya duniani iwe ile inayoweza kupimwa. Mtu akisema ni wakili, jina lake lazima liwe kwenye orodha ya Legal Practice Council, baraza linalosimamia mawakili wa nchi hii, na unaweza kuwauliza kama yumo. Wakili anayeshika pesa za wateja anapaswa kuwa na cheti cha Fidelity Fund. Ni mfuko unaoweza kumfidia mteja ambaye wakili ameiba pesa zake. Dalali wa duka la intaneti hana mfuko nyuma yake. Wale wanaojiita washauri wa uhamiaji nao tuwaangalie vizuri: tangu mwaka 2014 sheria haiwataki tena wasajiliwe na serikali, kwa hiyo bango zuri ofisini si kibali. Wapo wazuri kati yao, lakini uzuri wao utaujua kwa mkataba wa maandishi na risiti yenye jina, si kwa bango.

Na kabla ya kulipa hata randi moja, tukumbuke kwamba msaada wa bure upo hapa hapa. Lawyers for Human Rights wana ofisi Durban na wanashughulika na wakimbizi. Legal Aid South Africa wanapatikana kwa 0800 110 110, simu ya bure. Refugee Social Services wapo. Denis Hurley Centre, pale jirani na kanisa kuu la Emmanuel, ni mahali ambapo mkimbizi anaweza kuingia na kuuliza aelekezwe wapi. Siwaahidi kwamba mtahudumiwa siku hiyo hiyo. Nawaahidi kwamba hakuna atakayewaambia ana mtu ndani.

Mtu mwaminifu haudhiki akiombwa risiti. Akikwambia, "Kwani huniamini? Si tunasali pamoja?" hapo ndipo usimame. Jina la Bwana halikupewa sisi liwe badala ya risiti.

Narudi kwenye jibu langu kwa yule mama. Katika kitabu cha Mwanzo, Yuda alimwambia baba yake kwamba yeye atakuwa mdhamini wa Benyamini katika safari ya Misri. Kikombe kilipopatikana ndani ya gunia la Benyamini, Yuda angeweza kujitetea vizuri sana. Hakukiweka yeye. Hakujua. Alisema tu kwamba atamwangalia kijana. Lakini alisogea mbele ya mkuu wa Misri akajitoa abaki mtumwa, ili mdogo wake arudi nyumbani. Alielewa kwamba neno alilompa mzee Yakobo halikuwa neno tu.

Mimi si Yuda. Nilichelewa miezi miwili kabla ya kurudi kwa mama na kumwambia, "Nilikosa. Nilijua nusu, sikukwambia." Tulikwenda pamoja kwa wanasheria wa bure, tukakaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Faili lake la kweli lilipatikana, chini ya jina lake mwenyewe. Shauri bado linaendelea, na hatujui litaishaje. Kila mwisho wa mwezi nampa randi 300 kati ya zile alizopoteza. Mwanzoni alikataa. Nikamwambia kwamba simsaidii, ninalipa deni, ndipo akapokea.

Siku hizi mtu akiniuliza, "Mzee, unamjua mtu?" ninamuuliza kwanza karatasi yake inasemaje na tarehe gani. Kisha nasema, "Ngoja Jumanne, twende wote." Nikiwa sina nafasi ya kwenda naye, simpi namba ya mtu. Nampa jina la ofisi.

Nanyi mnisaidie. Siku yoyote mtakaponisikia nikitaja jina la mtu wa makaratasi, mniulize mbele ya wote: Mzee, unamjuaje huyo, na akikosa, wewe utalipa nini? Wenye karatasi iliyokwisha muda, au waliokwisha kulipa mahali na sasa wana wasiwasi, waje kwangu au kwa mzee yeyote baada ya ibada. Hakuna atakayewauliza kwa nini mlitaka njia ya mkato.

Bwana awalinde na awape wiki njema.